Lori lina kadi ya kuvukia mpaka, afya ya dereva haina

Semi iliyopakia mahindi inapofika Namanga, bahasha ya dereva huwa imejaa karatasi. Kuna hati za forodha, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Dereva mwenyewe ana pasipoti, leseni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Karatasi zote hizo zilitolewa upande mmoja wa mpaka na zinatambuliwa upande wa pili.

Karatasi moja haimo. Ni ile inayosema kwamba mtu aliyeshika usukani anaona vizuri usiku, presha yake imedhibitiwa na hana maradhi ya kumfanya asinzie ghafla barabarani. Kama alipimwa siku alipoajiriwa, majibu yamebaki kwenye faili la mwajiri huko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Akihamia kwa tajiri mwingine anaanza upya, au hapimwi kabisa.

Kwa mfanyabiashara anayekodi lori, jambo hili linagusa mfuko moja kwa moja. Bima inayolinda watu wengine barabarani hailipi shehena iliyomo ndani ya lori. Mzigo wa vitunguu uliosafirishwa kwa makubaliano ya mdomo tu, bila bima yake yenyewe, ukimwagika kabla ya kufika Nairobi, hasara ni ya mwenye vitunguu. Na kabla ya mzigo kuna uhai wa dereva, utingo wake na watu anaopishana nao.

Sheria zipo, kila moja na nchi yake

Si kweli kwamba nchi za ukanda huu zimelisahau jambo hili. Tanzania, kupitia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kupangiwa kazi na tena kila baada ya muda. Kenya ina kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005 kwa kazi zenye hatari, na zinamtaka mwajiri alipie gharama. Uganda ilipitisha sheria yake ya usalama na afya kazini mwaka 2006.

Ugumu unaanza barabarani. Kampuni kubwa zenye malori mengi hupeleka madereva wao kwa daktari, mara nyingi kwa sababu mteja wao, hasa wa mafuta au madini, ameliweka sharti hilo kwenye mkataba. Lakini sehemu kubwa ya mizigo ya wafanyabiashara wa kawaida inabebwa na matajiri wenye lori moja au mawili. Hapo dereva hupatikana kwa simu. Anaulizwa kama anaijua njia ya Tunduma au Malaba, anaombwa leseni, pengine anaambiwa azungushe gari uwanjani. Jioni yupo safarini. Swali la presha halikuulizwa.

Safari zenyewe ni ndefu. Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kwa anayekwenda Lubumbashi huo ni mwanzo tu. Dereva anakaa kitako saa nyingi, anakula chipsi na nyama usiku, analala kwa vipande ndani ya kabini. Maisha ya namna hiyo huita presha, sukari na unene.

Presha ya juu inaweza kumkaa mtu miaka bila kumuuma popote, kisha siku moja ikamwangusha kwa kiharusi. Sukari ikiachwa huharibu macho, na baadhi ya dawa zake zinaweza kuishusha sukari ghafla mpaka mtu akachanganyikiwa. Mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini hukoroma usiku kucha na kuamka amechoka, hivyo anaweza kupitiwa na usingizi mchana kweupe akidhani ni uchovu wa kawaida.

Mengi kati ya hayo hayamwondoi mtu kazini. Miwani hurekebisha macho, vidonge hushusha presha, na sukari hudhibitiwa kwa lishe na tiba. Dereva mzoefu aliyegunduliwa mapema anaweza kuendesha miaka mingi. Lakini ujumbe huo haujawafikia wanaohusika, kwa sababu vipimo vimekuja kwao kila mara kwa sura ya mtego.

Kwa nini madereva wanaogopa

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa dereva anayelipwa kwa safari, hata hivyo, anayeyataja maradhi ndiye anayehofia kukosa mkate. Akiambiwa apumzike wiki mbili, usukani unapewa mwingine.

Kuna na kumbukumbu chungu. Kwa miongo kadhaa madereva wa masafa marefu walinyooshewa kidole kama wasambazaji wa Ukimwi. Sheria sasa zimeweka mipaka: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU ili apewe kazi, na Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka huohuo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya hali ya VVU. Hata hivyo, hofu kwamba damu ikichukuliwa itapimwa kila kitu haijaisha.

Mwaka 2020 ikaja corona. Mwezi Mei malori yalikwama Namanga baada ya majibu ya vipimo vya upande mmoja kutiliwa shaka na upande wa pili. Rusumo, madereva wa Tanzania walilalamikia utaratibu wa kukabidhi magari yao mpakani ili yaendeshwe na madereva wa Rwanda. Januari 2022, Uganda ilipotaka kila dereva apimwe mpakani kwa dola 30, madereva waligoma. Foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita, mafuta yakaadimika Uganda na bei ikapaa, mpaka sharti hilo likaondolewa.

Somo la aina hiyohiyo lilikwisha kutolewa Tanzania Aprili 2015, madereva wa mabasi na malori walipogoma kupinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Manung'uniko makubwa yalikuwa nani atalipa, huku wengi wakidai hata mikataba ya ajira hawana. Katika matukio yote mawili, mzigo wa sharti jipya ulikuwa umewekwa begani kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo mzima wa biashara.

Mfano uko mfukoni mwa dereva

Suluhisho halihitaji kubuniwa kutoka mbali. Kadi ya homa ya manjano ni mali ya dereva. Hutolewa na kituo kilichoidhinishwa, ina muhuri, inasomeka kila mpaka, na tangu Julai 2016 inatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Akibadili mwajiri mara kumi, kadi ni ileile.

Afya ya kuendesha gari si chanjo, kwa kuwa presha ya leo si ya mwaka kesho. Kwa hiyo cheti chake lazima kiwe na ukomo. Afrika Kusini, kibali cha kitaaluma cha dereva wa lori huhuishwa kila baada ya miaka 2, na cheti cha daktari ni sehemu ya maombi. Uingereza, dereva wa lori hupimwa anapoomba leseni ya magari makubwa kwa mara ya kwanza, kisha kila miaka 5 kuanzia umri wa miaka 45, na kila mwaka baada ya kutimiza miaka 65. Katika mifano hiyo miwili, kipimo kimefungwa kwenye kibali au leseni ya dereva, hivyo kinamfuata popote anapoajiriwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeshaonyesha kwamba inaweza. Sheria yake ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56, na dereva anajua kwamba mzani wa nchi moja na wa nyingine unafuata kipimo kimoja. Mwaka 2020, baada ya vurugu za mipakani, Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki uliowezesha majibu ya dereva aliyepimwa nchi moja kuonekana na maofisa wa nchi nyingine. Lori limepata kanuni ya pamoja, na corona ikapata mfumo wa pamoja. Afya ya kila siku ya anayeendesha bado inaachiwa kila nchi na kila mwajiri.

Cheti cha pamoja kitafanya kazi kikitimiza masharti machache. Kwanza, kiwe cha dereva, si cha kampuni. Pili, kiandike tu kama anafaa kuendesha, anafaa akivaa miwani, au arudi kupimwa baada ya miezi kadhaa, bila kutaja ugonjwa. Kenya na Uganda tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na taarifa za afya zinapewa ulinzi wa pekee. Tatu, VVU visiwemo. Nne, mwajiri alipe. Tano, kikaguliwe pale dereva anapopewa kazi, si mpakani, ili kisigeuke kuwa foleni nyingine ya Malaba au mlango mwingine wa kudaiwa chochote.

Vipimo vya msingi havihitaji hospitali ya rufaa: ubao wa kusomea herufi, mashine ya presha, kipimo cha sukari cha tone la damu, na maswali ya kina kuhusu usingizi na kifafa. Kliniki za makontena zilizowekwa kando ya barabara kuu na shirika la North Star Alliance zimeonyesha kwamba dereva huingia kutibiwa endapo huduma iko anapoegesha lori.

Zamu ya mwenye mzigo

Mwenye mzigo hahitaji kusubiri Arusha. Anapokubaliana bei na tajiri wa lori, anaweza kuuliza dereva alipimwa lini na kama kuna cheti cha kufaa kuendesha. Asiombe majibu ya hospitali, kwa kuwa hayo si yake. Wakiuliza wafanyabiashara wengi wa soko moja, tajiri mwenye lori moja atapata sababu ileile iliyoifanya kampuni kubwa ipime watu wake: mteja ametaka.

Kuna swali lingine ambalo mfanyabiashara anapaswa kujiuliza mwenyewe. Anayempigia dereva kila saa ili nyanya ziwe sokoni kabla ya alfajiri, na kumkata fedha akichelewa, anamnunulia usingizi wake kwa bei ya hasara. Cheti kinaweza kuthibitisha kwamba dereva alikuwa mzima siku ya kuondoka. Kama amelala usiku wa jana, hilo linategemea saa alizopewa na mwenye mzigo.