Mizani Moja kwa Lishe ya Watoto Wetu

Nia njema peke yake haijapata kumnenepesha mtoto. Tunalisema hilo mapema kwa kuwa katika mambo ya lishe nia njema haina uhaba. Serikali inayo, wahisani wanayo, na akina mama wa shehia zetu wanayo kuliko wote. Kinachopungua ni ushahidi wa pamoja, unaoaminiwa na wote, kuwa fedha iliyotolewa imefika katika sahani ya mtoto na kutoka hapo ikaingia mwilini mwake.

Tangu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanzishwa nchini mwaka 2012 chini ya TASAF, wananchi wa Unguja na Pemba wameizoea kanuni yake. Kaya isiyojiweza hupewa ruzuku, na sehemu ya ruzuku hiyo huambatana na sharti kwamba mtoto mdogo apelekwe kliniki na mkubwa wake aende skuli. Hiyo ndiyo motisha. Ni kanuni nzuri, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: mtoto aliyepelekwa kliniki amekula nini siku iliyofuata? Na nani mwenye dhamana ya kulijua hilo?

Jibu la sehemu ya swali hilo lilipatikana Bara. Kabla ya mpango huo kuenea, ulijaribiwa katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viliteuliwa. 40 vilianza kupokea ruzuku mwaka 2010 na 40 vilisubiri, na uchaguzi ulifanywa kwa kura. Matokeo yake yana mafunzo makubwa. Mwanzoni watu walimiminika kliniki. Baadaye mahudhurio yakapungua, na mtu aliyekuwa akihesabu mahudhurio tu angeliandika kwamba mpango umeshindwa. Lakini kwa sababu afya yenyewe nayo ilipimwa, ilionekana kuwa watu wa kaya zile walikwenda kliniki mara chache zaidi kwa kuwa walikuwa wakiugua siku chache zaidi. Basi ni dhahiri kwamba mwenye kupima kitu kisichostahili kupimwa hupata jibu lisilo la kweli, hata akihesabu kwa uaminifu.

Kwa watu wa visiwani liko funzo la karibu zaidi, na zito zaidi. Mwaka 2002 ulianza Pemba utafiti wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na foliki, wakati huo malaria ikiwa imeenea sana kisiwani. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliandikishwa. Ilitarajiwa kwamba madini hayo yangewakinga na upungufu wa damu. Kwa bahati njema palikuwapo kundi la kulinganisha, na palikuwapo watu waliopewa kazi ya kuzitazama hesabu wakati kazi ikiendelea. Waliona kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali iliyozidi kwa asilimia 12. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma katika utafiti huo ulisimamishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani kuhusu nchi zenye malaria ukabadilika.

Yafaa ieleweke kwamba utafiti ule haukusema chuma ni sumu. Watoto waliopimwa na kukutwa na upungufu wa damu unaotokana na upungufu wa chuma walinufaika, huku malaria yao ikitibiwa. Kosa lingekuwa kuwagawia wote bila kupima na bila kuangalia. Dunia nzima ilijifunza hayo kutoka Pemba. Itakuwa ajabu basi ikiwa Pemba na Unguja ndizo zitakazosahau.

Nchi nyingine nazo zimeipitia njia hii. Huko Marekani, katika wilaya ya Hampden, jimbo la Massachusetts, kaya 7,500 zilizokuwa zikipata msaada wa chakula zilichaguliwa kwa kura mwaka 2011. Kila zilipotumia dola kununua matunda na mboga, zilirudishiwa senti 30. Serikali kuu, jimbo, wenye maduka na watafiti walishirikiana, na ikathibitika kwamba watu wa kaya zile walikula matunda na mboga kwa kiasi cha robo zaidi ya wenzao. Miradi ya namna hiyo ilipokuwa mingi, sheria ya mwaka 2018 ikaagiza viwepo vituo vya kuisaidia na kuitathmini kwa pamoja. Hata nchi yenye mali nyingi iliona kwamba haifai kila mradi uwe na kipimo chake.

Sisi tuna nini cha kufanya? Kwanza, Wizara ya Afya, wasimamizi wa TASAF, idara za kilimo na uvuvi, Mtakwimu Mkuu wa Serikali na wahisani wakubaliane juu ya vipimo vichache, vilevile kwa kila mradi: urefu na uzito wa mtoto, damu yake, na aina za vyakula alivyokula. Kadi ya kliniki isomeke sawa Micheweni na Makunduchi.

Pili, fedha zisipotosha kuanza shehia zote kwa pamoja, zitakazoanza zichaguliwe kwa kura ya hadhara. Wako watakaosema ni ukatili kumweka mtoto asubiri ili apimwe. Sisi twasema hivi: fedha zisipotosha, wako watakaosubiri kwa vyovyote. Kura huondoa manung'uniko ya upendeleo, na papo hapo hutupatia kundi la kulinganisha. Lakini mtoto atakayekutwa na utapiamlo mkali, awe katika shehia inayosubiri au iliyoanza, atibiwe siku hiyo hiyo.

Tatu, bei za soko ziandikwe. Mama akiongezewa ruzuku, na samaki naye akapanda bei kwa kugombaniwa na mahoteli, sahani ya mtoto itabaki vilevile. Ripoti itasema motisha imetolewa, na itakuwa imesema kweli, lakini mtoto hatakuwa ameonja samaki.

Nne, na hili ndilo husahauliwa mno, majibu yarudishwe kwa wenyewe. Masheha wayasome barazani kwa lugha nyepesi, mazuri na mabaya. Mama aliyetembea juani na mtoto mgongoni kwenda kupimwa anastahili kujua alichokipimia. Akinyimwa jibu leo, kesho hatakuja, naye hatakuwa na lawama.

Tunajua kwamba tathmini hugharimu fedha, na kwamba afisa anayesimamia mradi hapendi kusikia umeshindwa. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afisa atakayesimama na kueleza kwamba jambo fulani halikufaa, na kwa hiyo fedha zake zimehamishiwa linalofaa, hastahili kukemewa. Huyo ndiye mtumishi wa watu, na tungependa wakubwa wake wamlinde.

Ombi letu kwa wahusika wote ni kwamba kabla ya mradi wowote mwingine wa lishe kuzinduliwa visiwani humu, wakae meza moja, watie saini vipimo vyao, na waeleze ni tarehe gani wananchi watapewa matokeo.

Watoto wa Pemba wameshaifundisha dunia kupima kabla ya kueneza. Sasa na wao wafaidi somo lao.