Ndizi Peke Yake si Mlo



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kimuli. Jioni ya kwanza bibi alinikabidhi kisu na chane mbili za ndizi mbichi, akaniambia, "Menya." Nimesoma Kilatini na falsafa, lakini baada ya ndizi tano mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu hadi kwenye viwiko. Bibi alicheka sana. "Padri wetu huyu atakufa na njaa mbele ya migomba," alisema.

Nilikaa jikoni nikamtazama. Maharage yalikuwa yamechemka tangu mchana. Akaongeza ndizi, kitunguu, nyanya chungu na karanga alizotwanga mwenyewe, akafunika kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Pembeni kulikuwa na sufuria ndogo ya mnavu. Hakupima kwa kikombe wala kusoma popote. Hicho ndicho katogo alichokipika mama yake, na mama wa mama yake.

Siku chache baadaye nilialikwa mahali pengine. Watoto walikuwa wakila ndizi zilizochemshwa kwa chumvi. Maharage yaliyovunwa yote yalikuwa yameshapanda lori. Karanga hawalimi tena. Mnavu, waliniambia, ni chakula cha maskini.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Mkoa wetu wa Kagera hauna sifa ya njaa. Migomba imezunguka nyumba zetu, na maharage ya Karagwe na Kyerwa yanaliwa mbali sana na hapa. Hata hivyo Kagera hutajwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Inawezekanaje mtoto adumae huku tumbo limeshiba? Sababu ziko nyingi, yakiwemo maradhi na maji yasiyo safi. Lakini mojawapo iko chunguni: ndizi inatia nguvu na kujaza tumbo, ila protini yake ni kidogo mno kwa mtoto anayekua. Maharage, karanga, dagaa, mboga za majani, na senene msimu wao ukifika, ndivyo vinavyokamilisha mlo. Bibi hakusoma lishe darasani, lakini mapishi yake yalikuwa na jibu.

Kwa maoni yangu, tumebaki na ndizi tukapoteza mapishi. Tunajivunia kwamba sisi ni watu wa ndizi, lakini vile vilivyoizunguka ndizi chunguni tumeviacha kimoja kimoja. Na siku ya Komunyo ya Kwanza tunakopa ili wageni wale pilau na kunywa soda, kana kwamba chakula cha nyumbani kingetuaibisha.

Sisemi watu wasiuze mazao. Ada ya shule hailipwi kwa katogo. Wala sisemi pilau ni dhambi. Mimi mwenyewe huomba niongezewe. Nasema debe moja la maharage libaki kwa ajili ya watoto kabla lori halijafika.

Wapo watakaosema jikoni ni kwa akina mama, mseminari anatafuta nini huko? Ndugu zangu, Bwana Mfufuka aliwasha makaa ufukweni mwa ziwa, akawaandalia mitume samaki na mkate. Hakuona haya. Tena, wanaume ndio mara nyingi tunaoamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki. Anayeamua hivyo bila kujua kinachopikwa anaamua gizani.

Kuna jambo jingine la haraka. Mnyauko wa migomba umeingia mashambani mwetu, na ukiingia shamba usipodhibitiwa unalimaliza. Aina za ndizi za zamani zikipotea, na bibi anayejua namna ya kuzipika akiaga dunia, tutakuwa tumezika vitu viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mseminari akirudi likizo ajifunze pishi moja la nyumbani kwao, alipike kwa mikono yake, kisha aliandike katika daftari. Pili, jumuiya ndogondogo zetu, zinapokutana nyumba kwa nyumba, ziwape wazee nafasi ya kuwaeleza vijana chakula kimoja cha asili na namna kinavyopikwa. Tatu, katika sherehe za parokia sufuria ya katogo iwekwe mezani pamoja na ya pilau, bila aibu.

Kila tunapoketi mezani tunamwomba Mungu abariki chakula chetu. Sala hiyo ni nzuri. Lakini tusimwombe abariki sahani ya mtoto ilhali sisi wenyewe tumeipunguza.

Mimi daftari langu nimelianza. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "Katogo ya bibi", na una doa la utomvu.