Nyimbo Zianze na Watu Tuliopewa



Kila tunapotayarisha sikukuu, swali hurudi: kwaya iimbe nini, na wapiga vyombo wapige nini? Mara nyingi jibu hutoka mbali. Tunachukua wimbo uliosifiwa katika parokia kubwa ya mjini, tunawatwika waimbaji wetu, uwafae usiwafae. Wanaoshindwa hunyamaza, kisha hawaonekani tena. Sisi tunaona kwamba anayeongoza kikundi cha muziki hana budi kuanza na watu aliopewa, ndipo aende kwenye karatasi za nota.

Tumtazame Padri Antonio Vivaldi wa Venezia, nchini Italia. Mwaka 1703, mwaka uleule alipopata daraja ya upadri, aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba iliyopokea watoto waliotupwa. Wasichana wenye kipaji walifunzwa muziki, wakaunda kwaya na okestra ndogo iliyopiga kanisani. Watu walisikia sauti bila kuona nyuso, kwa maana walipiga nyuma ya wavu wa chuma. Jina la ukoo hawakuwa nalo. Waliitwa kwa jina la kwanza na chombo: Anna Maria wa Fidla.

Vivaldi hakuwatafutia wasichana hao nyimbo za kifahari kutoka majumba ya wafalme. Aliwaandikia muziki akiijua mikono ya kila mmoja. Mwaka 1723 wakuu wa nyumba hiyo walikubali kumlipa kwa konserto mbili kila mwezi, yaani vipande ambamo chombo kimoja hutangulia na vingine humjibu. Hivyo hazina ya nyimbo ilikua pamoja na wapigaji wenyewe.

Wengine watasema kwamba kuwatazama watu ni kushusha kiwango. Sivyo. Konserto alizomwandikia Anna Maria ni ngumu, kwa sababu aliyemfundisha alijua kiasi cha kumdai. Baadaye Anna Maria naye akawa mwalimu wa wenzake. Kila mwalimu anayetayarisha somo anajua jambo hili: somo jepesi mno humdharau mwanafunzi, na zito mno humwacha njiani.

Hata hapa kwetu Kongo tunao mfano. Mwaka 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen na kwaya yake ya wavulana na walimu waliimba Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini ya Misa. Mapigo na mitindo ilitoka katika nyimbo ambazo waimbaji walizaliwa nazo. Hawakuimba kama wageni katika nyumba ya Baba yao, na dunia ikawasikiliza.

Basi, tunawaomba viongozi wa muziki katika jumuiya zetu: kabla ya kuchagua, msikilizeni kila mmoja peke yake. Mjue nani ana sauti ya chini isiyotumika, na kijana yupi anapiga ngoma vizuri lakini hajawahi kuitwa. Kisha chagueni wimbo mmoja wanaoumudu na mwingine utakaowapandisha ngazi moja.

Bwana hatatuuliza kama tuliimba wimbo wa parokia ya jirani. Atatuuliza habari za wale aliotukabidhi.