Wali kila siku milimani: sahani yetu inakosa nini?

Machi 2024 Watanzania walibishana sana kuhusu mchele. Shule za Dodoma zilikuwa zimepewa mchele, maharage na mafuta ya alizeti kutoka Marekani, kupitia mradi wa chakula shuleni unaofadhiliwa na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Mchele ule ulikuwa umeongezwa virutubishi. Wengi waliuliza kwa nini nchi inayolima mpunga na kuuza mchele kwa majirani iletewe mchele kwa meli. Aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alisema ni heri fedha hizo zinunue mchele wa wakulima wetu na virutubishi viongezwe hapa nchini. Nami nadhani hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Huku kwetu Lushoto maswali yalikuja kwa namna nyingine. Kwenye kliniki ya watoto akina mama waliniuliza kama ule mchele umewekwa dawa ya uzazi. Jibu ni hapana. Mchele ulioongezwa virutubishi kwa kawaida huwekwa madini ya chuma na zinki, na vitamini kama foliki asidi na B12. Hutengenezwa punje zinazofanana na mchele, zikiwa na virutubishi ndani yake, kisha punje moja huchanganywa na takriban punje mia za mchele wa kawaida. India imewahi kufanya hivyo kwenye mchele uliogawiwa na serikali kwa mamia ya mamilioni ya watu.

Ubishi ule ulihusu mchele unatoka wapi. Swali lililopita bila kujibiwa ni hili: kwa nini mtu aone haja ya kuuongezea mchele kitu chochote? Swali hilo linatuhusu sana sisi wa Usambara.

Mashine inaondoa nini

Mpunga ukitoka shambani una ganda gumu la nje. Chini yake kuna utando wa kahawia na kiini kidogo cha kuoteshea mmea. Humo ndimo zimo vitamini nyingi za kundi B, nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya madini. Mashine ya kukoboa inaondoa vyote, na kadiri mchele unavyosuguliwa ukawa mweupe na wa kung'aa, ndivyo unavyobaki wanga na protini kidogo. Sisi sokoni tunalipa zaidi kwa ule uliosuguliwa zaidi. Pumba wanakula kuku.

Habari ya kuku si mzaha. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, dalili zinazofanana na ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwaua watu waliokula wali mweupe karibu peke yake. Kuku waliporudishiwa mchele wenye utando wake, walipona. Baadaye ilijulikana kwamba kilichokosekana ni vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel. Beriberi si ugonjwa ninaoukuta kwenye kazi yangu, kwa sababu tunakula pia maharage na vyakula vingine. Lakini somo lake linabaki: wali mweupe unashibisha bila kutosheleza, na anayeutegemea lazima apate vilivyobaki mahali pengine.

Wali ulivyopanda mlima

Zamani chakula kikuu cha Washambaa kilikuwa ndizi. Baadaye mahindi na mihogo vikachukua nafasi. Wali ulikuwa chakula cha Idi, Krismasi na harusi. Mpunga haukui kwenye miteremko yetu. Unalimwa chini, kwenye mashamba ya umwagiliaji kama ya Mombo, na ya Kitivo huku upande wa bonde la Umba, na mwingine unatoka mbali kabisa, Mbeya na Morogoro. Leo ukipita Soni, Lukozi au Lushoto mjini, mama lishe wote wana wali, na nyumba nyingi zinaupika jioni hata siku isiyo na sababu.

Watu husema ni tamaa ya mjini. Mimi naona sababu kubwa ni kuni. Makande ya mahindi na maharage hukaa jikoni saa mbili hadi tatu. Wali nusu saa umeiva. Msitu wa Magamba ni hifadhi, kuni za karibu zimepungua, na anayezitafuta ni mama yuleyule aliyetoka kupalilia kabichi. Mwenye mtungi wa gesi naye anapiga hesabu: sufuria ya maharage inakula gesi ya siku kadhaa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu yetu, nimewaona wengi wenye kikohozi cha moshi. Lakini kama hatutazungumza kuhusu maharage, gesi itatusukuma zaidi kwenye wali.

Kisha kuna jambo linaloniumiza zaidi. Malori yanashuka kila siku kutoka Usambara yakiwa na kabichi, karoti, hoho, nyanya na viazi kwenda Dar es Salaam, na yakirudi yanabeba mchele. Familia inauza mboga, inanunua mchele, inakula wali na mchuzi mwepesi wa nyanya. Mtoto anayeishi katikati ya bustani anapewa mboga vijiko viwili. Si kwamba wazazi hawajui. Mboga ni ada ya shule na ni mbolea ya msimu ujao.

Damu

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwemo malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu. Chakula kimo. Gramu 100 za mchele mweupe mkavu zina madini ya chuma yasiyofikia miligramu 1. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 5. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku, ndiyo maana tunakupa vidonge vya kuongeza damu kliniki na tunakusihi uvimeze hata kama vinakutia kichefuchefu. Ukivimeza usiku kabla ya kulala, kichefuchefu hupungua.

Halafu kuna chai. Usambara ni nchi ya chai, na wali wa kiporo na chai ya rangi asubuhi ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi. Chai huzuia mwili usinyonye madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Kunywa chai yako, ila iache ipite saa moja baada ya kula. Machungwa, limao, mapera na nyanya mbichi hufanya kinyume chake: husaidia chuma kuingia mwilini. Kachumbari pembeni ya maharage si pambo.

Sukari

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima 9 kati ya 100, wa miaka 25 hadi 64, wana sukari ya juu kwenye damu. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti za Asia na nchi za Magharibi: waliokula wali mweupe mwingi zaidi walipata zaidi kisukari cha aina ya pili, hasa Asia ambako wali huliwa mara kadhaa kwa siku. Tafiti za aina hii zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba wali peke yake ndio chanzo. Mkulima anayepanda na kushuka makorongo ya Mtae na jembe begani anautumia ule wanga. Mwenye duka au dereva wa bodaboda anayekaa kutwa, mwili wake unaupokea tofauti.

Mitaani mgonjwa wa kisukari huambiwa aache wali, ahamie ugali. Ushauri huo una kasoro. Ugali wa sembe nao umetokana na mahindi yaliyokobolewa, na ukila tonge nyingi, sukari itapanda vilevile. Dona ni bora kwa sababu ina pumba zake, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na hayana ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliyotokana na mahindi iliua watu Dodoma na Manyara.

Kama una kisukari, huhitaji kuuaga wali. Punguza kipimo. Gramu 100 za wali ulioiva zina wanga wa takriban gramu 28, kwa hiyo sahani iliyojaa mpaka juu inaweza kupita gramu 100. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage, dagaa au yai, robo iliyobaki ndiyo ya wali. Anza kula mboga na maharage kabla ya wali. Usiache dawa wala usibadili kipimo chake kwa sababu umebadili chakula. Njoo tupime kwanza.

Je, tule mchele wa kahawia?

Ukiupata, ni mzuri. Lakini sitakudanganya: unachelewa kuiva, unakula kuni, hauhifadhiki muda mrefu kwa sababu ya mafuta yaliyomo, na madukani kwetu haupo. Kinachowezekana ni kumwomba mwenye mashine akoboe bila kusugua sana, kama unanunua mpunga mwenyewe huko bondeni. Pia usioshe mchele mara tano. Toa mawe na vumbi, osha mara moja au mbili, pika kwa maji yanayokauka.

Maharage yaloweke tangu jioni, mwaga yale maji, pika. Yataiva mapema zaidi. Chemsha ya siku mbili kwa moto mmoja kama una mahali pa baridi pa kuyaweka. Kwenye mchuzi tupia mnavu, mchicha au majani ya maboga, ambayo hayaendi Kariakoo na hayana bei kubwa.

Kuhusu kiporo: wali ulioachwa kwenye sufuria karibu na mafiga usiku kucha unaweza kuota bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu yake haifi kwa kupasha moto. Baridi ya Lushoto haikulindi ikiwa jiko lina joto. Utandaze wali upoe haraka, funika, weka mahali pa baridi, ule asubuhi yake tu. Ukinuka au ukiteleza, mwaga. Kiporo usimpe mtoto mchanga.

Sasa turudi kwenye ule ubishi wa 2024. Kanuni za mwaka 2011 zililazimisha viwanda kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula, mchele haukuwemo. Mashine zetu ndogo za kijijini haziwezi kazi hiyo bila kusaidiwa vifaa na mchanganyiko wenyewe. Kama serikali inataka mchele wa Tanzania uliorutubishwa, ianze na vinu vya maeneo ya umwagiliaji. Wakati tunasubiri, kamati za shule zinaweza kuamua leo: badala ya kubadili makande kuwa wali kwa sababu mpishi amechoka kutafuta kuni, wazazi wachangie jiko banifu na debe la maharage.

Fika kituo cha afya ukiona unachoka upesi, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima ulichokizoea, viganja vimepauka, una kiu isiyokatika au unakojoa mara nyingi usiku. Kipimo cha damu na cha sukari huchukua dakika chache.