Lafudhi ya Mzee Ojwang'



Barua ya juma hili naiandikia Kondele, katika mji wa Kisumu. Hapa sikupata kufika maishani mwangu, ila jina la mahali nililisikia tangu utotoni kwa sababu ya jirani yetu mmoja kule Mombasa. Alikuwa Mluo, mfanyakazi wa bandari, na ukuta wa chumba chake ndio uliokuwa ukuta wa ukumbi wetu. Alipoulizwa kwao wapi hakusema Kisumu. Alisema Kondele, kama sisi tusemavyo Kuze au Kibokoni tukamwachia mgeni kazi ya kujua ni mji gani. Jina lake mwenyewe sikulijua. Watoto wa mtaa mzima tulimwita Ojwang'.

Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu pamoja na wazee wao, yafaa nieleze. Hadi mwaka 1990 nchi yetu ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, kile kilichoitwa Sauti ya Kenya na kilichobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Aliyekuwa na televisheni alikuwa nayo kwa niaba ya majirani zake wote. Ukifika wakati wa Vitimbi, mikeka ilitandikwa, watoto wakaketi mbele na wakubwa nyuma, na nyumba ikajaa viatu mlangoni kama nyumba ya arusi. Kulikuwa na Vioja Mahakamani pia, pamoja na washtakiwa wake akina Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na matamshi ya kwao. Lakini aliyependwa kupita wote alikuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, pamoja na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, ambaye jina lake la nyumbani ni Mary Khavere. Waligombana na kupatana kwa namna ambayo watu wengi waliamini ni mke na mume wa kweli.

Ojwang' ni jina la Kiluo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mluo aliyekipata ukubwani. Kiluo hakina sauti ya sh wala ya z, basi shamba kwake lilikuwa samba na zawadi ikawa sawadi. Sisi wa pwani, ambao hudhani Kiswahili tumezaliwa nacho mkononi kama mtu azaliwavyo na vidole, tulicheka hadi machozi.

Nani alikuwa akituchekesha? Benson Wanjau, Mkikuyu. Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwani jambo hili si dogo. Mkikuyu ana mashaka yake mwenyewe na Kiswahili, na ni mashaka tofauti kabisa na ya Mluo: l na r humchanganyikia, akala chakula ikawa amekikura, na gari likaota n mbele likawa ngari. Ili awe Ojwang', Wanjau alihitaji kwanza kuficha makosa ya kwao, kisha avae makosa ya jirani, na ayavae kila kipindi bila kuteleza, kwa muda wa miaka thelathini hivi. Watu wa Nyanza wakamchukua kuwa wao. Wengi walikuja kulijua jina la Wanjau siku ilipotangazwa habari ya kifo chake.

Nirudi kwa jirani yetu. Alikuwa akitoka kazini jioni, na sisi tulimfuata nyuma hadi penye bomba la maji tukimwigiza: samba, sawadi, sida. Hakugeuka. Siku moja marehemu mama alinishika. Hakunipiga, alinikalisha barazani akanikumbusha yale ya Suratul Hujurat juu ya watu kuwafanyia watu dhihaka na kuitana kwa majina ya kuchukiza. Nikaitikia kama mtoto mwenye adabu. Mbele yake niliacha, na alipokuwa hayupo niliendelea. Jirani alistaafu, akafunga mizigo, akaenda kwao, nami hata kumuaga sikumuaga.

Mwaka huu nilipata safari ya Kisumu kwa shughuli nyingine. Nikaulizia. Wafanyakazi wa zamani wa bandari wanajuana kuliko wake wenza, na haikupita siku mbili nikaelekezwa Kondele, upande wa nyuma ya barabara iendayo Kakamega, si mbali na ile hospitali kubwa ambayo wenyeji wamezoea kuiita Russia. Nilimkuta mzee ameketi chini ya mwembe, radio pajani. Alinitazama sana.

"Ni wewe uliyekuwa ukinifuata hadi bombani?" akauliza.

Nikasema ndiye, na nimekuja kumtaka radhi. Akaniuliza radhi ya nini. Nikamwambia, ya jina. Akaagiza nipewe kiti na maji ya kunawa, na hatukuzungumza tena jambo hilo mpaka samaki alipokuwa amekwisha kuliwa. Alikuwa ngege wa mchuzi, mzima na kichwa chake, na ugali wa mtama. Sitasema zaidi juu ya samaki yule nisije nikaonekana nimesafiri kwa ajili yake.

"Ojwang' hakuniudhi hata siku moja," alisema baadaye. "Nilikuwa nikimtazama kama nyinyi. Yule ni mwenye nyumba. Akisema, wanamsikiliza. Akikosea, anakosea kama mwenye nyumba yeyote, kwa kiburi na kwa kupenda mambo makubwa, si kwa sababu ni Mluo. Nyinyi mlichukua ulimi wake mkaacha nyumba yake."

Nilimuuliza kama alijua wakati ule kwamba Ojwang' ni Mkikuyu. Alijua, tena zamani. Alielezwa na Mkikuyu mwenzake wa bandarini, nao wawili wakacheka kwa kuwa kila mmoja alijiona ndiye aliyeibiwa.

Hapo akanyamaza, kisha akaendelea bila kuulizwa. Yeye alikuwa Kondele mwanzoni mwa mwaka 2008. Msomaji anakumbuka majuma yale baada ya uchaguzi wa Disemba 2007. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 walikufa nchini. Kisumu walipigwa risasi wengi katika ghasia, na wenye asili ya Kikuyu walifukuzwa mjini, maduka yao yakivunjwa na kuchomwa. Kondele ilikuwa mojawapo ya mahali pa moto zaidi. Jirani ya mzee palikuwa na muuza nguo, Mkikuyu, aliyekaa hapo miaka mingi na kusema Kiluo kizuri kuliko vijana wa hapo.

"Kizuri kuliko cha Ojwang'," alisema mzee. "Ojwang' alikuwa na Kiswahili cha Waluo. Huyu alikuwa na Kiluo chenyewe. Hakikumfaa kitu. Na vijana waliomtoa walilelewa na Vitimbi, ninawajua, walikuwa wakija kutazama kwangu nilipokuwa likizo."

Muuza nguo alipata kuondoka salama na watoto wake. Hakurudi. Mzee hakuniambia kwamba yeye alimficha au alimtetea, nami niliona si haki yangu kumuuliza.

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili kichwani tangu siku ile. Nilipotoka nyumbani nilikuwa na makala yangu tayari: kwamba kicheko huwaunganisha watu, na Wanjau ndiye ushahidi. Sasa siwezi kuiandika. Watu walimpenda mtu wa kabila jingine mradi ana jina lao, na yule aliyekuja na jina lake mwenyewe wakamfukuza. Lakini siwezi vilevile kusema kazi ya Wanjau ilikuwa bure. Yeye aliwabeba Waluo mdomoni miaka yote ile, na mzee huyu, aliyekuwa na kila sababu ya kuudhika, hakuona amedharauliwa. Hilo si jambo jepesi. Mimi lilinishinda kwa mtu mmoja tu, tena jirani.

Mwisho wa Wanjau haukuwa wa kitajiri. Macho yalimharibikia, na wananchi walichanga ili atibiwe. Alifariki Nairobi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa homa ya mapafu, tarehe 12 Julai 2015, akiwa na miaka 78, akazikwa Lang'ata. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho, na nakumbuka habari ilivyotufikia katika pilikapilika za kuelekea Idi.

Kabla sijaondoka, mjukuu wa mzee, binti wa shule, alileta simu yake na kututafutia kipande cha zamani cha Vitimbi. Tukainamia kioo kile kidogo watu watatu. Ojwang' alikuwa akimfokea mtu, na Mama Kayai amesimama pembeni akingojea zamu yake. Mzee hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Kisha akanyosha kidole ghafla.

"Hapo! Umesikia ile r? Hiyo si yetu. Rudisha."

Binti akarudisha. Mimi sikuisikia. Akarudisha tena, na babu yake akaanza kucheka, taratibu, mabega yakimtikisika, akisema, "Wanjau, Wanjau, leo nimekukamata."