RIBA YA SOLA NI RIBA VILEVILE



Unataka hita ya sola ili bili ya umeme ipungue. Nia njema. Lakini mkopo wa riba hauwi halali eti kwa kuwa unaokoa mazingira, na maji moto si dharura.

Njia ipo: murabaha. Benki inunue hita, iimiliki, ndipo ikuuzie kwa bei inayojulikana, ulipe kwa awamu. Ukichelewa, bei haipandi. Utasema, "Si yote sawa tu?" Waliosema hivyo wamejibiwa Suratul Baqara, aya ya 275.

Wakikupa pesa mkononi wakaandika "murabaha", hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Kabla ya kusaini uliza: hita hii leo ni ya nani?

Allah atutosheleze kwa halali. Aamin.