Posho Iliyotufukuza Ufuoni

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu mwaka jana.

Wengi mnakumbuka kwamba tulipokuwa kidato cha pili tulikuwa tukiokota taka ufuoni kila Jumamosi. Hatukuamrishwa na mtu. Tangu utotoni tuliliona jahazi la Flipflopi, lile lililoundwa hapa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, likazinduliwa Septemba 2018, plastiki tupu kiasi cha tani 10 na ndara 30,000 hivi ubavuni, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Basi kila ndara tuliyoiokota tuliiona kama kipande cha jahazi. Tulikuwa kama kumi na watano, tukishindana nani atapata rangi nyingi zaidi. Maji yakijaa tunaoga, kisha kila mtu kwao.

Akaja mfadhili mmoja, mtu mwema, akasema atatulipa shilingi 100 kwa kila gunia, na soda juu yake. Jumamosi ya kwanza tulifika zaidi ya arobaini!

Lakini oneni yaliyofuata. Gunia likawa ndiyo kazi, ufuo ukasahauliwa. Vizibo na vipande vidogo viliachwa mchangani kwa kuwa havijazi gunia. Chupa kubwa zikagombaniwa. Wengine, sitaji majina maana wanajijua, walizoa taka za jaani wakazileta ufuoni zihesabiwe. Baada ya miezi mitatu pesa zikaisha. Jumamosi iliyofuata nilimpitia rafiki yangu, akaniuliza akiwa bado kitandani, "Yeo watupa ngapi?" Nikamwambia hakuna. Akajifunika shuka. Na mimi, nasema kweli, nilirudi nyumbani nikalala.

Hapo ndipo paniposhangaza. Kabla ya posho tulikwenda kumi na watano bure. Baada ya posho hakwenda hata mmoja.

Wala si sisi watu wa Amu peke yetu. Mwaka 1973 wataalamu watatu huko Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. La pili lilipewa cheti kile kile baada ya kuchora, bila kuambiwa mapema. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa ghafla hamu yao ilibaki vile vile. Kumbe ubaya haukuwa katika zawadi, ulikuwa katika ile ahadi!

Msije mkasema nataka watu wafanye kazi bure. Hata! Fundi wa mashua kule Matondoni ana watoto wa kulisha, na mwenye punda hali kadhalika. Ujira wao ni haki yao na ulipwe kabla jasho halijakauka. Mimi nasema juu ya posho inayomwagwa juu ya kazi ambayo watu tayari wameipenda, tena ikapimwa kwa gunia.

Kwa hivyo, walimu wetu na wafadhili mtakaokuja, tununulieni glavu, maana vidole vyetu vimekatwa na chupa mara nyingi. Tutafutieni mtu wa kuzibeba taka zisirudi baharini. Na siku mkitaka kutushukuru kwa chai na mahamri, leteni tu, wallahi hatutakataa, ila msitutangazie Ijumaa.

Mimi nimekwisha kupata magunia manne. Jumamosi ya kwanza baada ya jarida hili kutoka, maji yakitoka tu, nitakuwa pale pale. Rafiki yangu nimemwambia. Bado hajanijibu.